Maoni kwa Muda wa Yai Moja

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba haliruhusiwi kutajwa bila vyeo vyake, na vyeo vyake ni vingi mno. Nikivianza hapa karatasi itakwisha kabla hamjajua nani kafanya nini. Itoshe kusema kuwa ni nchi ya heshima. Huko watu hukohoa kwa kupokezana. Mwizi akitaka kuiba hubisha hodi kwanza, na mwenye nyumba, kama amelelewa vizuri, humwambia karibu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo ipo barabara inayoitwa Barabara ya Mabiringanya, na kando ya barabara hiyo ipo zahanati ndogo ya akina mama wajawazito. Mwenyewe ni mkunga mmoja, Bi Zawena, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya upole na mdomo usio na breki. Nusu ya watu wa mtaa ule aliwapokea yeye. Akimwona mtu mzima anajivuna njiani humkumbusha kwamba alikuja duniani kwa kutanguliza makalio, na yule mtu hunywea.

Zahanati ile hakuifungua kwa kupenda tu biashara. Mama yake mzazi alifia njiani akipelekwa kujifungua, na Bi Zawena, aliyekuwa binti mdogo, alishika mkono wake mpaka ukapoa. Tangu hapo hakuna kitu alichokichukia kama umbali kati ya mwanamke mwenye uchungu na mlango. Mbele ya zahanati yake aliacha nafasi wazi ya kushushia wagonjwa, akaifagia mwenyewe kila asubuhi, na ole wake dereva wa bajaji aliyeegesha pale kwenda kunywa supu.

Sasa binti yake wa pekee, Hidaya, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshuka. Alikuwa akikaa ng'ambo ya barabara na mumewe Mkude, fundi saa, kijana mwenye adabu mpaka inakera. Hidaya alikuwa na nyonga nyembamba kama za bibi yake, yule aliyefia njiani. Bi Zawena hakumwambia mtu jambo hilo, lakini halikumpa usingizi. Alikuwa akitoka mlangoni kila mara, anaangalia ng'ambo, anarudi ndani, anasahau alichofuata, anatoka tena.

Ndipo mabango yakabandikwa.

*

Mabango yalisema kuwa Serikali Sikivu inakusudia kubadili mambo mawili katika Barabara ya Mabiringanya, na kwamba inaomba maoni ya wananchi. La kwanza, mwendo wa magari upande kutoka kilomita thelathini kwa saa hadi tisini. La pili, maegesho yote ya pande zote mbili yahifadhiwe kwa Wanaostahili.

Sababu zilielezwa vizuri, na mimi sioni pa kuzipinga. Iligundulika kuwa magari ya viongozi hupita pale kwa tisini wakati sheria inasema thelathini. Nchi inayoheshimu sheria haiwezi kuvumilia viongozi wake waivunje asubuhi na jioni, na kumwambia kiongozi apunguze mwendo ni kumkosea adabu. Ikabaki njia moja tu ya kulinda utawala wa sheria, nayo ni kulifuata gari lilipo na kuiweka sheria hapo hapo. Alama za pundamilia nazo zingefutwa, kwa kuwa zilikuwa zikiwapa watembea kwa miguu matumaini yasiyo na msingi. Na kuhusu maegesho, gari likishakimbia hivyo lazima lichoke, na likichoka lipate pa kupumzikia.

Bi Zawena alisoma bango, akalisoma tena, akaliangalia kwa nyuma kama kuna kilichoandikwa huko.

"Nafasi yangu ya mlangoni?" akasema. "Pale wanaposhukia wazazi? Na huyu mtoto wangu atavuka vipi, aruke?"

Aliyekuwa karibu ni Chande, muuza supu, mwanamume mnene aliyekuwa akiogopa kila kitu isipokuwa moto.

"Usipandishe presha, Mama Hidaya," akasema. "Si wameomba maoni? Twende tukayatoe. Mimi nimeshayapanga kichwani. Nitawaambia thelathini ibaki, basi."

"Utawaambia kweli?"

"Wallahi nitawaambia. Nimechoka kukung'uta vumbi la magari yao kwenye supu yangu."

Bi Zawena akatulia kidogo. Wakati ule aliamini kwamba mtu akiombwa maoni anaombwa maoni.

*

Utaratibu wa kutoa maoni katika nchi ile ni wa haki kabisa. Kila mwananchi huja na yai lake. Yai hutiwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka mbele ya meza kuu, naye huanza kusema. Likiiva, muda wake umekwisha. Awe tajiri awe maskini, yai ni yai. Yakishaiva, mayai humenywa na Kamati, maana si vizuri chakula kutupwa. Wapo wanaonong'ona kuwa ndiyo maana wajumbe wa Kamati ya Kusikiliza hawajawahi kukosa kikao hata kimoja, lakini mimi sipendi umbeya.

Kuna jambo moja dogo tu. Kabla ya kusema lake, mtu sharti azingatie itifaki, yaani awatambue waliokaa meza kuu mmoja mmoja kwa vyeo vyao, awashukuru, awapongeze. Hilo halikuandikwa popote. Halihitaji kuandikwa. Mtoto wa nchi ile hufundishwa itifaki kabla ya kufundishwa kujifuta pua.

Ukumbi wa kata, ulio hatua chache kutoka zahanati, ulijaa. Meza kuu ilikuwa na maua ya plastiki, chupa za maji na chumvi ya mayai. Katikati alikaa Mwenyekiti, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Mstaafu Kidawalo, mtu mrefu mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kushiba. Kushoto kwake alikaa Katibu Ndimbo, kalamu mkononi.

"Ndugu wananchi," akasema Mheshimiwa Kidawalo, "Serikali yenu ina masikio. Ina masikio mengi kuliko serikali yoyote niliyowahi kuitembelea. Semeni bila woga. Semeni chochote mnachokubaliana nacho."

Chande akawa wa kwanza. Yai likatumbukia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kusikiliza," akaanza, jasho likimtoka, "Mheshimiwa Makamu wako, Waheshimiwa Wajumbe, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mji, Mheshimiwa aliyemsindikiza Mwakilishi, Mheshimiwa mke wa Mwenyekiti ambaye kwa majukumu mazito hakuweza kufika, Ndugu Katibu, Ndugu Mpishi wa Mayai. Nawashukuru kwa kutupa fursa hii adhimu. Nawapongeza kwa barabara. Nawapongeza kwa mvua za mwaka huu. Nawapongeza kwa afya zenu njema zinazoonekana. Baada ya kusema hayo, mimi nilikuwa naomba kwamba..."

"Limeiva," akasema mpishi.

Makofi. Mheshimiwa Kidawalo akapokea yai, akaligonga mezani taratibu. Katibu Ndimbo akaandika neno moja: *Amepongeza.*

Wakafuata wengine. Mwenye duka la vitambaa alifika kwenye mvua za mwaka huu. Mwalimu mmoja aliyejulikana kwa kusema haraka alifika mpaka "naomba kwamba ile" kabla yai halijaiva, na watu wakamshangilia kwa ushujaa. Imamu na mchungaji waliamua kuunganisha mayai, lakini mayai mawili huiva sawa na moja. Kila mara kalamu ya Ndimbo iliandika lile lile, maana ndilo alilolisikia. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika yaliyosemwa, na hakuna aliyesema kitu kingine.

Bi Zawena alikuwa akijigeuza kitini kama mtu aliyekalia siafu. Zamu yake ilipofika, alitupa yai ndani ya sufuria mpaka maji yakamrukia mpishi.

"Barabara hii itaua," akasema.

Vichwa vyote vikageuka. Hata feni ilionekana kusita.

"Nasema itaua. Binti yangu yuko ng'ambo na mimba ya miezi tisa. Mama yangu mimi alifia njiani. Siku uchungu ukimshika binti yangu, magari yenu yanakimbia tisini, mlangoni kwangu mmeegesha, atapita wapi? Niambieni. Sitaki makofi, nataka thelathini. Nataka nafasi yangu ya mlangoni. Nimemaliza, yai lenu bado bichi."

Akakaa. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Katibu Ndimbo alikuwa amebaki na kalamu juu. Alimtazama Mwenyekiti kwa macho ya kuomba msaada.

"Mheshimiwa, sijui niandike nini," akanong'ona. "Hajapongeza."

"Maoni haya yamekuja uchi," akasema Mheshimiwa Kidawalo kwa masikitiko. Wajumbe wakainamiana, wakanong'ona, wakala yai moja moja kutuliza mawazo. Kumkamata mama wa watu kwa kukosa adabu kungeleta picha mbaya. Kumwandika kungeleta picha mbaya zaidi. Hatimaye uso wa Mheshimiwa ukang'aa.

"Ndugu wananchi," akasema, "ni nani katika nchi hii anayeruhusiwa kusema bila kuishukuru meza kuu?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni yule aliyekaa meza kuu! Sisi hatujishukuru wenyewe. Basi ikiwa mama huyu amesema bila kutushukuru, na nchi hii haina watu wasio na adabu, ina maana mama huyu ni mwenzetu, ila kiti chake kilichelewa kuletwa. Leteni kiti!"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Bi Zawena alipandishwa jukwaani, akavishwa utepe, akapewa chupa ya maji na cheo cha Mheshimiwa Mjumbe Maalumu wa Maoni Makali. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu nampenda mama huyu na sitaki kumpamba: alifurahi. Alijua ni mtego, akafurahi hivyo hivyo. Watu aliowapokea kwa mikono yake walikuwa wamesimama wakimpigia makofi, na alijiambia kwamba akiwa humo ndani atawasemea vizuri zaidi.

"Sasa naomba niendelee pale nilipoishia," akasema.

"Mheshimiwa," Kidawalo akamshika mkono kwa upole, "sisi ni Kamati ya Kusikiliza. Mjumbe hasemi. Mjumbe anasikiliza."

Na akamsogezea yai.

*

Matokeo yalitangazwa: wananchi wote waliotoa maoni walipongeza. Mabadiliko yakapita. Mafundi walikuja wakafuta pundamilia, wakasimika vibao vya tisini, na mbele ya zahanati wakachora mstari mnene wa njano na kuweka kibao: NAFASI YA ANAYESTAHILI. Hakuna gari lililoegesha pale. Anayestahili alikuwa bado hajateuliwa. Lakini bajaji ikisogea tu, askari aliyekaa kivulini alipuliza filimbi.

Barabara ikawa haivukiki. Magari meusi yalipita kama yanafukuzwa, na ya raia yakalazimika kukimbia sawa nayo, kwa kuwa kwenda polepole mbele ya kiongozi ni dharau. Watu waliokaa pande mbili walianza kuulizana habari kwa kupaza sauti. Chande alipoteza wateja wote wa ng'ambo, na kuku wake watatu.

Bi Zawena alitaka Hidaya ahamie kwake kabla ya siku yenyewe. Hidaya naye alikuwa tayari, na mara mbili Mkude alimtoa mpaka ukingoni mwa barabara, wakasimama mpaka miguu ya mama mjamzito ikavimba, wakarudi. Kuzunguka kwa bajaji kulishindikana, maana barabara ile huenda mbali sana kabla ya kupata pa kugeuzia, na huko pa kugeuzia kulikuwa na maegesho ya Wanaostahili pia.

Mkunga akawa hali wala halali. Anasimama mlangoni. Anahesabu magari, anapoteza hesabu. Anampungia binti yake kitambaa, binti anampungia chake. Akikumbuka ule utepe na makofi, anataka kujizaba kibao.

Kisha Kamati ikaitisha mkutano wa pili, wa wananchi kutoa maoni kuhusu jinsi maoni yao ya kwanza yalivyosikilizwa. Bi Zawena alikwenda shingo upande. Alikuwa amekata shauri kuwa siku hiyo atasema, mjumbe au si mjumbe, hata wamfunge mdomo kwa mayai.

Mkutano ulikuwa umepamba moto, mtu wa tano yuko kwenye mvua za mwaka huu, mlango ulipofunguka na Mkude akaingia. Shati lilikuwa nje ndani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna. Kiatu cha pili kilikuwa kimebaki katikati ya lami. Mkononi alishika yai. Mtu mwenye adabu zake, alikuwa amevuka barabara ile kwa kuponea chupuchupu, kisha akapitia dukani kununua yai.

Bi Zawena alimwona, akasogeza kiti nyuma. Mkude akasogea mbele, akaliweka yai majini kwa uangalifu, akainamisha kichwa. Kule kwao mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana, hata nyumba ikiungua, sembuse kumtajia mambo ya uzazi mbele za watu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kusikiliza," akasema, akihema. "Mheshimiwa Makamu wako. Waheshimiwa Wajumbe..."

"Mkude!" Bi Zawena akasimama. "Hidaya?"

"Mjumbe hasemi," akakumbusha Mheshimiwa Kidawalo.

"Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mji," akaendelea Mkude, machozi yakimlengalenga, "Mheshimiwa aliyemsindikiza Mwakilishi, Mheshimiwa mke wa Mwenyekiti, na wewe mama yangu, Mheshimiwa Mjumbe Maalumu wa Maoni Makali. Nawashukuru. Nawapongeza kwa barabara. Baada ya kusema hayo, nilikuwa naomba kuarifu kwamba yule mgeni tunayemtarajia nyumbani..."

"Limeiva," akasema mpishi.

*Amepongeza,* akaandika Ndimbo.

Lakini Bi Zawena hakuwa tena kitini. Alikuwa amepita juu ya meza, katikati ya maua ya plastiki, na utepe wake umebaki kwenye chumvi.

*

Hidaya alikuwa ukingoni ng'ambo, ameegemea nguzo ya kibao cha tisini, ameshika tumbo. Kati yake na mama yake yalipita magari, vuu, vuu, bila kuacha mwanya wa kupitisha hata mbuzi. Bi Zawena aliinua mkono. Akavua kanga, akaipeperusha. Akapiga kelele. Dereva mmoja alimpungia mkono kwa heshima, akapita kwa tisini.

Hidaya akapiga magoti. Mama yake alimwona anapiga magoti, na kwa muda mfupi hakumwona Hidaya, alimwona mama yake mzazi. Akasema moyoni, sitarudia. Sitashika mkono mwingine mpaka upoe.

Mkude alikuwa amefika, anahema, hana la kufanya.

"Kitu gani kinawasimamisha hawa?" mkunga akamfokea. "Sema! Kuna kitu gani katika nchi hii kinawasimamisha?"

Na kabla mkwe hajapata namna ya adabu ya kumjibu, jibu akawa amelipata mwenyewe.

Nchi ile, wasomaji, ukiimbwa wimbo wa taifa, kila aliyeusikia husimama wima papo hapo, mikono ubavuni, mpaka uishe. Haijalishi yuko wapi. Kinyozi huacha wembe shavuni mwa mteja. Nimewahi kusimuliwa mwizi aliyekuwa akikimbia na godoro, na watu wanaomkimbiza, wote wakasimama wima kwa beti zote tatu, kisha wakaendelea pale walipoishia. Haijawahi kutokea mtu akauimba barabarani, kwa sababu haijawahi kutokea mtu akawa na sababu.

Bi Zawena akavuta pumzi, akauanza.

Hakuwa na sauti nzuri. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiwaambia wanawake wasukume. Ubeti wa kwanza, unaoisifu milima, uliruka juu ya injini zote. Breki zikalia barabara nzima. Gari jeusi la kwanza likasimama, la pili likaligusa kidogo la kwanza, milango ikafunguliwa, madereva wakashuka na mabosi wao wakashuka, wakasimama kwenye lami wakitazama mbele. Askari wa filimbi alisimama. Barabara ya Mabiringanya ikawa kimya kama siku ya sensa.

"Njoo!" alitaka kusema Bi Zawena, lakini hakuweza, maana alikuwa anaimba. Akamwashiria Hidaya kwa kichwa.

Hidaya hakuja. Hidaya alikuwa amejikongoja akainuka kutoka magotini, akasimama wima kando ya nguzo, mikono ubavuni, ameuma midomo kwa uchungu. Pembeni ya mkunga, Mkude naye alikuwa wima, mguu mmoja peku. Bi Zawena alimlea binti huyu mwenyewe kwa adabu zote, na sasa alijuta kila kofi.

Ubeti wa pili, wa mito, ulimkuta katikati ya barabara. Alikuwa anatembea wakati wa wimbo wa taifa, kosa ambalo mzee mmoja kando ya gari lake alilishuhudia akataka kuzimia. Akamfikia binti yake, akamkamata mkono, akamvuta.

"Mama," Hidaya akanong'ona bila kutikisa midomo, "wimbo."

Bi Zawena alimvuta hivyo hivyo, akiimba kwa hasira, wakapita kati ya magari na watu wima, binti akijitahidi kutembea kwa miguu iliyonyooka ili asionekane mtovu wa adabu. Walifika kwenye mstari wa njano. Hawakufika mlangoni. Mtoto hakungoja mlango. Hapo hapo kwenye nafasi ya Anayestahili mkunga akatandika kanga, akapiga magoti, na ubeti wa tatu, ule mrefu wa viongozi, ukaanza kumkatika kooni. Pumzi zilikuwa zinamwishia. Aliimba neno, akasema "sukuma," akaimba neno.

Ubeti ukaisha. Watu wa barabarani wakalegeza mabega, wakatazamana. Injini moja ikawashwa. Gari lililokuwa karibu kabisa na miguu ya Hidaya lilikuwa na upana wa kutosha kuchukua barabara yote na mstari wa njano juu yake.

Ndipo dereva wa gari hilo, mwanamume wa makamo mwenye sare iliyopaukia mabegani, alipomtazama yule mwanamke chini, akamtazama bosi wake, akafungua kinywa na kuuanza upya ubeti wa milima. Sijui nani alimtuma. Labda naye alikuwa na mama. Wa pili akaitikia, akaitikia Chande kwenye masufuria yake, akaitikia Mkude akilia, wakaimba pande zote mbili za barabara, wakamaliza mito, wakamaliza viongozi, wakarudi milimani. Wakiwa kwenye mito kwa mara ya tatu, mtoto wa kike alitoka, akalia kwa nguvu zake zote, bila kumtambua mtu yeyote kwa cheo chake. Hidaya alikuwa hai. Bi Zawena alikaa chini kwenye lami na kulia kwa sauti, wala hakuficha uso.

*

Tangu siku hiyo watu wa Mabiringanya wakajua namna ya kuvuka. Akitaka mtu kwenda sokoni, anaimba. Wanafunzi wakitoka shule, wanaimba. Waliokwisha kujifunza hutembea wakati wanaimba, na Mungu amewasamehe. Magari ya tisini yakawa yanafika mahali kwa mwendo wa kobe.

Serikali ilichanganyikiwa. Ilituma polisi wakawakamate waimbaji, nao polisi wakafika, wakasikia, wakasimama wima. Na kwa kosa gani? Hakimu gani angemfunga mtu kwa kuipenda nchi mno? Ikaamuliwa kuwa wimbo wa taifa ufupishwe, ubaki mstari mmoja, na usimamishe walio ndani ya majengo tu. Wananchi waliombwa maoni.

Ukumbi haukuwahi kujaa vile. Sufuria ilikuwa ikichemka, chumvi iko tayari. Kiti cha Mjumbe Maalumu kilikuwa kitupu. Bi Zawena alikaa chini na wenzake, Hidaya kulia kwake, mtoto mgongoni mwa Hidaya.

"Semeni bila woga," akasema Mheshimiwa Kidawalo. "Nani ana yai?"

Hakuna aliyekuwa na yai. Bi Zawena akasimama, akakohoa, akaanza: milima.

Ukumbi wote ukasimama. Meza kuu ikasimama. Walipofika mwisho wa viongozi, safu ya mbele ikanyamaza kupumzika, na safu ya pili ikapokea kutoka milimani. Kisha ya tatu. Walikuwa wamepangana. Waliochoka walitoka kwenda kula, na waliokula waliingia wakaimba. Meza kuu haikuwa na wa kuipokea. Maji yalikauka sufuriani, mpishi akiyatazama wima. Magoti ya Makamu yalianza kugongana. Jasho lilimshuka Mheshimiwa Kidawalo puani, na hakuweza kulifuta.

Mwishowe akaongea kwa pembe ya mdomo, macho mbele.

"Thelathini," akanong'ona. "Mama, basi. Thelathini inarudi. Na nafasi yako. Na pundamilia. Nimesikia."

Bi Zawena alimsikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kamati ile kusikia kitu, na furaha ilimpanda mpaka kooni. Akamtazama Katibu Ndimbo, ili aandike.

Ndimbo alikuwa wima, kalamu ubavuni. Hakuweza kuandika wimbo ukiimbwa, asingethubutu. Ili aandike, ilibidi wanyamaze. Na wakinyamaza, mkono ule utainama kwenye karatasi, na Bi Zawena alijua neno gani utaandika, kwa sababu ndilo neno pekee ulilowahi kuliandika.

Wimbo ulikuwa umefika mstari wa mwisho. Watu wote ukumbini walikuwa wakimtazama yeye. Hidaya alikuwa anamtazama, na mtoto pia.

Bi Zawena akavuta pumzi, akarudi milimani.